Karatasi Aliyoichagua Waridi

Naapa, tena naapa nikiwa nimesimama ingawa goti la kushoto linaniuma: kila neno la sura hii ni kweli tupu. Sikutia chumvi, sikutia ndimu. Mwenye shaka aje Dodoma aulizie kwangu, nitamtembeza hadi pale ghala lilipokuwa. Siku hizi anakaa fundi baiskeli, lakini ukimwomba kwa heshima atakuruhusu usimame ulipokuwa mlango, na kama una moyo, utausikia ukikubana kidogo.

Ulikuwa mwaka wa pili tangu gari la moshi la Mdachi lifike Dodoma. Mji ulikuwa mdogo, vumbi lilikuwa kubwa, na kila mtu alitaka karatasi. Boma lilitaka za kuandikia kodi. Misheni za Buigiri na Mvumi zilitaka za shule. Wahindi walitaka za kufungia sukari na tumbaku. Hata wazee wa Kiislamu waliokuwa wakikopa karatasi moja kwa jirani, wakaandika pande zote mbili na pembeni pia, sasa walitaka rimu nzima nzima.

Katikati yao wote walikaa watu wawili: Waridi binti Feruzi na Swedi wa Pangani. Kazi yao ilikuwa udalali. Robota la karatasi likishushwa stesheni, wao ndio waliojua nani mwenye mali na nani mwenye haja, wakawakutanisha, wakala kidogo cha huyu na kidogo cha yule. Nusu ilikuwa ya Waridi, nusu ya Swedi. Waridi alileta ghala aliloachiwa na marehemu baba yake, Mzee Feruzi, pamoja na jina la baba huyo, ambalo kutoka Mpwapwa hadi Kilimatinde lilitosha kukupatia maji, kivuli na mkopo. Swedi alileta kalamu, herufi za kizungu alizosomea shule ya serikali huko Tanga, na mdomo.

Mdomo wenyewe, jamani! Siku moja alimuuzia mwenye duka robota lililoloa maji, akamwambia ndiyo mtindo mpya wa Ulaya, karatasi inakuja na baridi yake. Na yule bwana akashukuru.

Waridi hakuwa na mdomo huo. Alikuwa na vidole. Ungemfunga kitambaa machoni, akapitisha kidole gumba juu ya karatasi, angekwambia imekaa bandarini wiki mbili, na kwamba aliyeifunga alikuwa na mafua. Mchwa wa Dodoma wenyewe walimwogopa. Aliyapanga marobota juu ya mawe, akamwaga majivu kuzunguka, na mchwa wakifika kwenye majivu waligeuka kama watu waliokosea nyumba.

Tena walikuwa na desturi yao. Robota jipya likifunguliwa, Waridi alitoa karatasi moja, akaichana ncha ya juu kwa ukucha, kipande kama punje ya mtama. Hiyo ndiyo sampuli, ya kuonyesha wateja. Iliyochanwa ncha haikuuzwa kamwe.

Asubuhi moja ya Jumatano Swedi aliingia, akaegemea mlango, akamtazama Waridi akihesabu kamba. Alikuwa na namna ya kutazama, huyo kijana. Macho yake yalikuja polepole, yakakaa, yakakataa kuondoka.

"Unaniroga nini?" Waridi aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nakutazama tu. Kuna kodi?"

"Ipo. Sema unachotaka."

"Nichagulie karatasi."

"Ya Banyani? Chukua hapo yoyote."

"Si ya Banyani. Ni barua ya mambo ya watu wazima. Nataka karatasi ambayo mzee akiishika tu, ajue aliyemwandikia hakubahatisha."

Kamba zikamponyoka Waridi. "Mzee gani?"

"Mzee Shaban."

Hapa lazima nikueleze, msomaji, ili moyo wako upande pamoja na wake. Mzee Shaban, mfanyabiashara wa ngozi na chumvi, alikuwa rafiki wa kufa na kuzikana wa Mzee Feruzi. Feruzi alipofariki, Shaban ndiye aliyesimama mahali pa baba. Mwanamume yeyote mwenye nia na Waridi, posa yake ilipaswa kupita kwa Mzee Shaban. Mji mzima ulijua. Swedi alijua kuliko mji mzima, kwa kuwa kwa miaka miwili alikuwa akimwambia Waridi, "Subiri. Biashara ikisimama, nitakwenda kwa mzee."

"Mbona umenyamaza?" Swedi akatabasamu.

"Natafuta karatasi."

Alitafuta kweli. Alifungua robota hili na lile, akapapasa, akanusa, akarudisha. Mwishowe akatoa kutoka kwenye mkoba wa sampuli karatasi moja nzito, nyeupe kama tui, yenye picha ya jogoo iliyofichwa ndani yake, usiyoiona mpaka uinyanyue juani. Aliinyanyua. Mwanga wa mlangoni ukapita, na jogoo akasimama katikati yao wawili.

"Hii imechanwa ncha," Swedi alisema.

"Ndiyo iliyobaki. Wenzake wote wamekwenda boma. Hapa kwetu hakuna nzuri kuliko hiyo."

Akampa. Vidole vyao vikakutana chini ya karatasi, vikakawia. Swedi akasema kwa sauti ndogo, "Hakuna mtu anayejua karatasi kama wewe." Akaondoka. Waridi akabaki akihesabu kamba zile zile mara tano, na kila mara idadi ikawa nyingine.

Jioni, mama yake alipomwona anapika huku akiimba, akamshuku.

"Wimbo wa nini huo?"

"Wimbo tu, mama."

"Wewe huimbi tangu baba yako afariki. Ni yule Mpangani?"

"Amesema anaandika kwa Mzee Shaban."

Mama hakucheka wala hakununa. Alimenya kitunguu mpaka kikaisha. "Mimi sikumpenda tangu mwanzo, unajua. Mtu hana shangazi, hana mjomba, hana hata mdeni wake wa zamani wa kumshuhudia. Unakaa naye ghala moja miaka miwili, watu wananiuliza sokoni, posa iko wapi, namwangalia muuza nyanya kama sikusikia. Lakini akiandika, nitafunga mdomo wangu. Nitampikia pilau mwenyewe."

"Utampikia, mama."

"Kuku nitamchinja yule mwekundu."

"Yule anayetaga?"

"Kwa posa ya mwanangu, atataga peponi."

Ijumaa baada ya sala, mtumishi wa Mzee Shaban alikuja kumwita Waridi. Waridi akajitanda ukaya, mtandio wa marehemu bibi yake, akajipaka wanja kidogo, akaenda akijikaza asikimbie.

Mzee Shaban alikuwa amekaa barazani juu ya mkeka, na mbele yake kitambaa cha hariri kilichofungwa fundo. Nyuma ya pazia la mlango ulisikika mlio wa bangili: Kudra, binti wa mzee, aliyecheza kombolela na Waridi tangu wote wawili hawana meno ya mbele.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, kaa. Nimeletewa barua, bwana, na imeandikwa kwa hizi herufi za Wadachi. Ingekuwa herufi zetu za Kiarabu ningekwisha kuisoma na kuijibu. Yule karani wa boma ndiye hunisomea, lakini ameondoka jana na Bwana Shauri, mkuu wa boma, kwenda Kilimatinde. Nikasema, kwani Waridi si anazijua?"

Alizijua. Swedi mwenyewe alimfundisha, jioni moja moja, kidole chake juu ya kidole cha Waridi.

"Baba," Waridi alisema, uso umemchemka, "pengine barua hii si vizuri niisome mimi."

"Kwa nini?"

"Pengine inanihusu."

Mzee akacheka mpaka ndevu zikatikisika. "Basi ikikuhusu ndiyo vizuri zaidi. Soma, mwanangu. Mimi nitajifanya kiziwi pale penye aibu."

Waridi akafungua fundo. Vidole vikajua kabla ya macho: uzito ule, ulaini ule, na kule juu ncha iliyochanwa kwa ukucha wake mwenyewe. Akavuta pumzi, akasoma.

"Kwa mzee wangu mheshimiwa Shaban bin Kheri. Baada ya salamu nyingi, mimi mtoto wako Swedi napiga hodi nyumbani kwako. Yuko binti ambaye nimemtazama miaka miwili kwa macho ya heshima, na sijathubutu kufungua mdomo. Jua likichomoza namuwaza. Likizama namuwaza..."

"Ee!" alisema Mzee Shaban. "Kijana anajua kuandika."

Nyuma ya pazia bangili zililia. Waridi alikuwa akitabasamu, hakuweza kujizuia, akageuza uso kidogo kumficha mzee meno yake. Akaendelea.

"Sina baba wala mjomba wa kumtuma, nimetuma karatasi hii. Naomba unipe mkono wa binti yako wa kumzaa..."

Sauti ilikatika.

"Endelea," alisema mzee.

Macho ya Waridi yalikuwa yamekwisha kufika neno la mbele. Alilitazama. Lilikuwa limeandikwa vizuri, kwa mwandiko wa Tanga, kila herufi imesimama wima kama askari. Angeweza kulipita. Mzee hakujua A wala B. Angeweza kulitamka jina lake mwenyewe pale, na hakuna mtu barazani ambaye angejua.

"Kudra," alisoma.

Bangili zikanyamaza.

"Kudra wangu?" mzee aliuliza.

"Bado sijamaliza kusoma, baba." Akashika karatasi kwa mikono miwili. "Usiniulize nitamlisha nini. Ghala la karatasi na udalali wote ni mali yangu peke yangu. Yule Waridi, binti wa marehemu rafiki yako, sehemu yake amekwisha kuniachia kwa hiari, na Idi ikipita atarudi nyumbani kwa mama yake. Ghala lote naliweka mbele yako liwe mahari ya Kudra. Wasalaamu."

Akaikunja barua kwenye mikunjo yake ile ile, akairudisha kitambaani, akalifunga fundo. Fundo likafunguka. Akalifunga tena.

Mzee Shaban hakuwa akicheka tena. "Waridi. Umemwachia?"

"Sijamwachia hata kamba ya robota."

"Alikuambia habari hii?"

"Alinitaka nimchagulie karatasi," alisema Waridi. "Nikamchagulia."

Pazia likavutwa. Kudra akatoka, wanja umeteremka mashavuni. "Baba, mrudishie kitambaa chake. Mtu anayeiba ndani ya posa, akishaoa ataiba nini?"

"Rudi ndani, Kudra, mambo ya wakubwa haya."

"Sirudi. Dada Waridi, wallahi nilikuwa sijui. Ananisalimia njiani, basi. Nilidhani ananisalimia kwa ajili yako."

"Najua, mdogo wangu."

"Usinichukie."

"Nikuchukie wewe nipumzike vipi?" Waridi akainuka. "Baba, naomba ruhusa."

"Nenda. Barua inabaki kwangu," alisema Mzee Shaban, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayenoa kisu taratibu. "Mimi ndiye niliyemwingiza baba yako kaburini kwa mikono hii. Kesho nitawaita wazee wa msikitini. Ghala la Feruzi halitakuwa mahari ya mtu."

Ghalani, Swedi alikuwa amekaa juu ya robota, kanzu mpya, akipiga mluzi. Alipomwona Waridi mlangoni akasogea ampishe nafasi, kama kawaida yao.

"Umependeza. Unatoka harusini?"

"Natoka kusoma barua."

"Barua gani?"

"Ya jogoo."

Mluzi ulikatika. Ungemwona akipiga hesabu kichwani, akiifuta, akiipiga upya. "Karani..."

"Yuko Kilimatinde."

"Waridi, kaa nikueleze."

"Nieleze nimesimama."

"Hii ni biashara tu. Mzee Shaban ana maduka Mpwapwa, ana Kilimatinde, ana watu mpaka Singida. Wote wanafunga chumvi kwa majani, Waridi! Kwa majani! Nikiwa mkwe wake, karatasi yote hiyo inapita mkononi mwetu. Kudra ni mlango. Wewe ndiye nyumba."

"Na nyumba ungeifanyaje?"

"Mwaka ungepita, ningekuoa. Dini inaruhusu."

"Mke wa pili."

"Wa moyoni."

"Na nusu yangu niliyokuachia kwa hiari?"

"Yale ni maneno ya posa. Nani hajipambi kwenye posa?"

"Ungejipamba kwa kanzu yako, Swedi. Umejipamba kwa ghala la baba yangu."

Alinyoosha mkono amshike bega. Waridi hakurudi nyuma. Alimtazama tu, mpaka mkono ukashuka wenyewe. Alikuwa na swali moja, na alikuwa amelibeba njia nzima kutoka barazani, likimkata kuliko yote.

"Niambie kitu kimoja, na safari hii usipambe. Marobota yamejaa humu. Ungechukua karatasi yoyote. Kwa nini ulinitaka nichague mimi?"

Swedi akafikiri. Na ndipo alipomjibu, kwa mara ya kwanza labda katika maisha yake, jibu la kweli kabisa.

"Kwa sababu hakuna mtu anayejua karatasi kama wewe."

Hakuwa na ubaya machoni. Hilo ndilo lililommaliza Waridi. Hakumtaka achague ili amuumize. Hakuwa amemfikiria kabisa. Alitaka karatasi nzuri, akaenda kwa anayeijua, kama mtu anavyokwenda kisimani.

"Chukua kalamu yako," alisema.

"Waridi..."

"Wino pia. Chukua."

Akachukua. Jumamosi wazee waliketi, barua ikasomwa tena, safari hii na mwalimu wa misheni aliyekuwa akipita, na Swedi akaulizwa mbele ya watu kama Waridi alimwachia sehemu yake lini, na nani alishuhudia. Ule mdomo wote haukutoa hata neno. Ikaamuliwa atoe vyake, ghala libaki kwa mwenyewe. Kuku mwekundu akaendelea kutaga.

Lakini Jumatatu, saa sita mchana, jua likichoma mpaka reli zinapinda, Swedi alirudi. Alisimama nje ya mlango wa ghala uliofungwa. Akapiga magoti vumbini. Akalia, na nakuapia, machozi yalitiririka mpaka yakafanya kijito, bata wakaja. Dereva wa gari la moshi alipomwona alisimamisha treni nzima, abiria wakashuka na kumwombea msamaha, Wadachi kwa Wagogo. Na Waridi, moyo ukayeyuka kama samli, akafungua mlango, akamwinua, akasema, "Mpenzi wangu, nime..."

Hapo ndipo mke wangu aliponinyang'anya karatasi.

Alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote, na mimi nikidhani ni paka.

"Kafungua nini?"

"Mlango."

"Bibi yangu alimfungulia Swedi mlango?"

"Wasomaji wa mapenzi wanapenda mlango ufunguliwe, mama watoto."

"Angeufungua, mimi ningekuwa mjukuu wa Swedi. Mimi ni mjukuu wa nani?"

"Wa Matonya," nilisema chini chini.

"Matonya gani?"

"Mchukuzi wa stesheni. Aliyemwoa miaka minne baadaye."

"Na juu kabisa pale umeandika nini? Soma. Kwa sauti."

Nikasoma kiapo changu. Nilipofika kwenye ndimu sauti ikanikauka. Mzee mwenzangu, kuapa ni rahisi. Kazi ni kuoa kwenye familia yenye kumbukumbu.

Akanitoza faini papo hapo: kilo mbili za zabibu za Makutupora, kutoka pensheni yangu na si ya nyumba, na bata wote nje ya sura. Zabibu nimekwisha kuleta, anakula hapa pembeni, mbegu anatemea kwenye sahani moja moja ili nisikie. Sehemu ya tatu ya faini ni hii ninayoilipa sasa, naye akisimamia kila neno, kama alivyoisikia kwa bibi yake mwenyewe.

Swedi alirudi kweli, saa sita mchana. Hakupiga magoti. Alibisha.

"Waridi. Najua umo."

"Una nini mkononi?" aliuliza Waridi kutoka ndani.

"Ufunguo wangu wa ghala."

"Upitishe chini ya mlango."

Ufunguo ukakwaruza sakafu, ukapita, ukasimama kwenye majivu.

"Haya. Nimekupa. Sasa nifungulie tuzungumze. Dakika moja tu, Waridi. Nikutazame tu."

Waridi aliinama, akauokota. Ulikuwa na joto la kiganja chake. Alikaa chini pale pale, mgongo kwenye mlango, ufunguo kifuani, na mkono mmoja mdomoni ili yule wa nje asisikie. Upande wa pili, Swedi aliegemea ubao ule ule. Kati yao palikuwa na unene wa kidole kimoja cha mninga.

Baadaye sana Waridi akainuka. Swedi akasikia komeo likisogea, akajiweka sawa, akakung'uta kanzu, akatabasamu lile tabasamu lake.

Lilikuwa komeo la pili, la juu, likifungwa.

"Andika na kwamba alilia," anasema mke wangu. "Siku tatu. Watu wasije wakadhani bibi yangu hakumpenda."

Siku tatu alilia. Ya nne akafungua robota.